Vijiti vimejaa, simu inakataa

Jumamosi jioni hapa Birere, mtaa wa Goma, hutakosa kuyasikia haya: "Rezo iko, vijiti viko vyote, lakini simu inakataa!" Rezo ni mtandao wa simu, na vijiti ni vile vya kwenye kioo cha simu. Anayelalamika anaamini vijiti vinapima rezo nzima. Vinapima jambo moja tu, nguvu ya antena inavyosikika pale uliposimama. Wangapi wameshachukua nafasi, havisemi. Teksi-basi nayo husimama mbele yako huku viti vyote vimekaliwa.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba ukipiga simu, unapewa masafa yako peke yako mpaka ukate. Enzi za simu za analojia ilikuwa hivyo kweli. GSM, yaani mtandao wa 2G, iliyoanza kutumika Ufini mwaka 1991, ikaleta zamu. Chaneli moja ya kHz 200 hukatwa vipande vinane vya muda, kila kimoja milisekunde 0.577. Simu yako inasema, inanyamaza kuwapisha saba, inasema tena, karibu mara 217 kwa sekunde. Pengo hulisikii kwa kuwa sauti hubanwa kwanza, ndipo ikatumwa kwa mafungu. Ukitaka ushahidi, weka simu ya tochi kando ya redio kisha mtu akupigie: kabla haijaita, spika itafanya trr-tr-tr, trr-tr-tr. Hizo ndizo zamu, simu ikiwaka na kuzima. Jirani yangu muuza uniti alishaanza kutafuta fundi, akidhani redio imekufa.

Wengine hushikilia kwamba wawili wakitumia masafa yaleyale, saa ileile, lazima wagongane. Si lazima. Kwenye 3G wote husema pamoja ndani ya MHz 5, kila mmoja na msimbo wake, kama sokoni unavyomsikia anayeongea Mashi katikati ya Kilingala na Kinyarwanda, mradi Mashi unaijua. Ila mmoja akipayuka, wote wanazama. Kwa hiyo antena huiagiza kila simu ipandishe au ishushe nguvu, mara 1,500 kwa sekunde. 4G ilirudi kwenye kugawa: vipande vyembamba vya kHz 15, vinavyogawiwa upya kila milisekunde.

Halafu kuna ya wasafiri wa boti la Bukavu: ziwani hakuna mlima wa kuziba, basi rezo inafika popote. Mawimbi ya redio hayana shida, shida ni zamu. Simu ikiwa mbali, maneno yake huchelewa njiani, kwa hiyo antena huiamuru ianze kusema mapema kidogo. GSM ina hatua 63 za kuwahisha, kila moja kama mita 550, na kwa mpangilio wa kawaida zinaishia kilomita 35. Ukivuka hapo, simu inaweza kuisikia antena vizuri kabisa, vijiti viwili vitatu vikasimama, lakini jibu lake lingeangukia kwenye zamu ya mtu mwingine. Antena hailipokei.