Kitenzi cha Kihiti eku-: kunywa maji, kunywa mungu

Anayeanza kujifunza Kihiti, lugha ya kale ya Wahiti wa Anatolia (Uturuki ya leo), hachelewi kukutana na sentensi hii: nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni, yaani "sasa mtakula mkate, na maji mtakunywa." Ndiyo sentensi iliyompa Bedřich Hrozný, mtaalamu wa Kicheki, ufunguo wa lugha ya vibao vya udongo vilivyofukuliwa Boğazköy, Uturuki, mahali ulipokuwa mji mkuu wa Wahiti, Hattusa. Mwaka 1915 alitangaza mjini Berlin kwamba Kihiti ni lugha ya Kihindi-Kiulaya, yaani ya ukoo mmoja na Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. NINDA ilikuwa alama ya Kisumeri iliyokwisha kujulikana: mkate. Ezzatteni ilifanana na edo ya Kilatini na essen ya Kijerumani, "kula". Watar, kama water ya Kiingereza, ilijieleza yenyewe: maji. Ikabaki ekutteni, na palipo na mkate wa kula, maji ni ya kunywa.

Maana, basi, ilipatikana mapema. Asili ya kitenzi ndiyo iliyosumbua watu, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Wengi walikimbilia aqua, "maji" kwa Kilatini. Sauti zinakaribiana, maana zinakaribiana, nani angekataa? Tahajia ndiyo inayokataa. Wahiti waliandika kwa mwandiko wa kikabari, ambao alama zake nyingi ni silabi nzima, hivyo katikati ya neno mwandishi aliweza kuandika konsonanti mara moja (a-ka) au mara mbili (ak-ka). Hawakufanya hivyo kiholela. Sauti ambazo katika lugha mama ya ukoo wote wa Kihindi-Kiulaya hazikuwa ghuna (zilitamkwa bila mtetemo kooni), kama k, p na t, waliziandika mara mbili. Zilizokuwa ghuna, kama g, b na d, waliziandika mara moja. Kanuni hii tunaiita kwa jina la Mmarekani Edgar Sturtevant. Sasa tazama kitenzi chetu: e-ku-uz-zi, "anakunywa", a-ku-wa-an-zi, "wanakunywa". K ni moja. Kama kingekuwa ndugu wa aqua, tungetarajia mbili. Umbo akkuske-, "kunywa tena na tena", lina kk, lakini hapo sauti imegusana na s ya kiambishi na kupoteza ughuna wake.

Kuna kidokezo kingine nikipendacho sana. Mahali pengine mwandishi ameandika e-ku-zi, pengine e-uk-zi. Hajui aiweke u kabla ya k au baada yake, kwa sababu anachokisikia ni sauti moja tu: g inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Yule mwandishi wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bila kukusudia, ametuambia jinsi neno lilivyotamkwa kinywani.

Tukiifuata sauti hiyo, ndugu wa kweli wanajitokeza. Kipalai, lugha ya jirani huko huko Anatolia, kina ahuwanti, "wanakunywa". Kitokari, kilichoandikwa mbali kabisa katika bonde la Tarim, magharibi mwa China ya leo, kina yok-, "kunywa". Katika Kilatini ndugu yake ni ebrius, "mlevi", na katika Kigiriki ni nepho, "kuwa bila kileo", ambamo ne- ya mwanzo ni kikanushi. Ukoo huu, kwa hiyo, ni wa tendo la kunywa na hali ya mnywaji, na maji yenyewe hayamo. Kilatini na Kigiriki kwa "kunywa" vilishika mzizi mwingine, ule wa bibo na pino; mzizi huo katika Kihiti ulibaki na pas-, "kumeza".

Sasa kwenye matumizi. Katika maandishi ya sikukuu za Hattusa, sentensi moja inarudi mamia ya mara: mfalme na malkia, wakiwa wameketi, "wanakunywa" mungu fulani. Jina la mungu ni yambwa ya kitenzi, yaani kile kinachotendwa, mahali pale pale pa "maji" katika sentensi ya Hrozný. Zeze linapigwa, waimbaji wanaimba, mkate unamegwa, kisha anafuata mungu mwingine. Wako wataalamu waliosema ni kumnywa mungu mwenyewe, aliyemo ndani ya divai. Wengine wakasema ni kunywa kwa heshima yake.

Tusiishangae yambwa hiyo upesi. Waganda husema okunywa sigala na Wanyarwanda kunywa itabi, na hakuna anayedhani tumbaku ni kimiminika. Kitenzi cha kunywa hupanuka. Aidha, katika ibada ya mazishi ya mfalme, iliyochukua siku 14, walio hai "wanakunywa" nafsi ya marehemu. Kama jambo lingekuwa kumnywa aliye kikombeni, ingebidi tukubali kwamba kila mungu wa orodha ndefu ya sikukuu, pamoja na nafsi ya mfalme aliyefariki, alimezwa kwa zamu. Sioni kitu katika maandishi hayo kinachonilazimisha kufika huko.

Sisi katika Kiswahili tuna kauli ya kutendea, nayo inabeba sawasawa kile ambacho Kihiti kiliachia yambwa tupu. Ndiyo maana katika tafsiri zangu naandika: mfalme na malkia, wakiwa wameketi, wanamnywea Mungu wa Dhoruba.