Div si kitufe, hata uipambe vipi

Nimeletewa tena kazi ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, niikague, na nimekuta tena kitufe kilichotengenezwa kwa div, kisanduku kisicho na maana yake chenyewe:

<div class="kitufe" onclick="tuma()">Tuma</div>

Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Elementi zote ni sawa tu, CSS ndiyo inayoamua." Sivyo! CSS huamua sura. Elementi, yaani kipande cha HTML kama div au button, hukieleza kivinjari kitu hicho ni nini.

Ya awali nayapita: tagi ya kufungua, maudhui, tagi ya kufunga, atributi hukaa kwenye tagi ya kufungua, br, img na input hazifungwi. Tuendelee.

Acha kipanya, bonyeza Tab. Ukitumia button, kivinjari kinasimama juu yake. Enter inafanya kazi, Space inafanya kazi. Kisoma skrini kama NVDA au TalkBack kinamtangazia asiyeona kuwa hapa pana kitufe. Ukiongeza disabled, kinazimika. Hujaandika JavaScript yoyote kwa hayo. Div je? Tab inairuka. Kisoma skrini hakitangazi kuwa "Tuma" ni kitufe. Mtu amejaza fomu ndefu ya kuomba mkopo wa chuo kwa kibodi, amefika mwisho, na hana namna ya kuituma. Hilo ndilo linaloniudhi.

Utaniambia unaweza kuongeza tabindex="0" ili Tab iifikie, na role="button" ili kisoma skrini kiitangaze kama kitufe. Sawa, lakini hizo hazileti tendo lolote. Bado uisikilize Enter, uisikilize Space, uzuie Space isishushe ukurasa, kisha utafute namna ya kukizima. Wengi huishia kwenye Enter.

Nadhani najua chanzo cha mazoea haya. Mwanafunzi anaweka button ya "Ongeza mstari" ndani ya form, anaibonyeza, fomu inatumwa na alichojaza kinapotea. Anaogopa, anakimbilia div. Kumbe button iliyo ndani ya form, isipopewa type, huhesabiwa kuwa submit, yaani kitufe cha kutuma fomu. Dawa ni type="button", basi.

Na kama kazi yake ni kumpeleka mtu ukurasa mwingine, tumia a yenye href, yaani kiungo, si button.

Kuna mahali ambapo hata mimi nasita: section (sehemu ya ukurasa) na article (kipande kinachojitegemea). Vitabu vinachora mpaka ulionyooka, ila kwenye orodha ya bidhaa dukani, je, kila bidhaa ni article, au li, kipengele cha orodha, inatosha? Mimi huchagua article, na anayechagua li simkatalii. Hata kanuni zenyewe za HTML zimeyumba: kwa miaka mingi zilieleza kwamba h1, kichwa cha ngazi ya juu, ndani ya section ingeshuka ngazi yenyewe. Vivinjari havikulitekeleza hilo ipasavyo, na mwaka 2022 likaondolewa. Kwa hiyo panga h1 hadi h6 mwenyewe, kwa ngazi ya kichwa na si kwa ukubwa wa herufi.

Div itumie kukusanya vitu unavyotaka CSS ivipange pamoja, pale ambapo hakuna elementi nyingine inayofaa.