Bendera ya kijiji cha Ureno: hesabuni minara kabla ya kushona

Sheria namba 25-A/2025 imerudisha kata 302 za Ureno, zile freguesia zilizokuwa zimeunganishwa, na suala la nembo na bendera za vijiji limerudi mezani. Wengi bado wanadhani nembo ni mchoro. Sivyo. Kinachopitishwa ni maelezo ya maneno: rangi ya ngao, vitu vilivyomo, idadi yake na mahali pake. Wachoraji wawili wanaweza kutoa sura zinazotofautiana kidogo na zote zikawa sahihi. Ila ukigeuza kijani kuwa bluu "ili ipendeze", hiyo si nembo ya kijiji chako tena.

Juu ya ngao hukaa taji la fedha lenye minara inayoonekana: mitatu kwa kijiji, minne kwa mji mdogo (vila), mitano kwa jiji. Taji la Lisbon, mji mkuu, ni la dhahabu. Tafadhali, mnara hauongezwi kwa kuwa kijiji kimekua.

Katika kanuni za nembo, dhahabu na fedha huitwa metali. Nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na zambarau ni rangi. Metali haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Suke la ngano la dhahabu kwenye ngao ya kijani huonekana hata ukiwa ng'ambo ya uwanja. Kwenye ngao ya fedha humezwa. Jina la kijiji haliandikwi ndani ya ngao. Mahali pake ni utepe ulio chini.

Bendera ya kijiji kwa kawaida ni ya rangi moja iliyotoka kwenye ngao, na nembo katikati. Kwenye kitambaa dhahabu huwa njano, fedha huwa nyeupe. Bendera ya maandamano ni mraba. Ya kupandishwa mlingotini ni ya uwiano wa 2:3, kimo kwa upana. Fundi anayeivuta ya mraba ifikie 2:3 huinenepesha ngao, na kazi hiyo hurudiwa.

Utaratibu uko katika Sheria namba 53/91. Kamati tendaji ya kata (junta) huomba maoni ya Tume ya Heraldiki (elimu ya nembo) ya Chama cha Waakiolojia wa Ureno, baraza la kata hupitisha, tangazo hutoka katika Diário da República, gazeti rasmi la serikali, kisha nembo husajiliwa. Bendera iliyoshonwa kabla ya hapo ni kitambaa tu, hata kama kijiji kizima kimeipenda. Muhuri nao usubiri: ni wa mviringo, hubeba nembo bila rangi, na jina la junta huzunguka ukingoni.