Amiri Jeshi Mkuu maana yake ni nini hasa

Juzi nilimsikia mchangiaji mmoja redioni akisema: "Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, kwa hiyo jeshi ni lake, akitaka kulipeleka popote ni yeye tu." Mtangazaji akaitikia, "Kweli kabisa," mazungumzo yakasonga mbele. Nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi mno, na mara nyingine kutoka kwa watu waliosomea sheria, nikaona bora niyaandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Amiri Jeshi Mkuu ndiye ngazi ya juu kabisa ya amri jeshini. Amri halali ya kivita, ukiifuata kutoka kwa askari wa kawaida, kupitia kwa maofisa wake, hadi kwa Mkuu wa Majeshi, inaishia kwake. Asichanganywe na huyo Mkuu wa Majeshi, ambaye ni jenerali mwenye magwanda. Amiri Jeshi Mkuu katika nchi nyingi ni rais, raia aliyepigiwa kura.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe, na hapa naomba tusiharakishe. Amiri ni neno la Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa amri na amuru. Amiri ni mtoa amri. Wazungu nao walilichukua kwa Waarabu, wakalitumia mpaka likawa admirali, mkuu wa jeshi la majini. Huko kote halijaacha asili yake: linamtaja mtu kwa kazi ya kuamuru.

Shina jingine la Kiarabu limetupa miliki, milki, malkia na mamlaka. Hilo ndilo shina la kuwa na kitu, cha kwako, chini ya himaya yako. Sasa angalia jina la cheo. Waliolichagua hawakusema Mmiliki wa Jeshi. Walichukua neno kutoka kwenye ukoo wa amri, wakaliacha la ukoo wa miliki. Masikioni mwetu, hata hivyo, koo hizo mbili zimeungana, ndiyo maana mtu anasikia "amiri" na mdomo wake unatamka "jeshi lake".

Tanzania jina la jeshi lenyewe linajibu swali la mwenye mali. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na wiki hiyohiyo wenzao wa Uganda na Kenya wakafanya hivyo pia. Tanganyika jeshi hilo likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likaundwa jipya: Jeshi la Wananchi wa Tanzania. La wananchi. Amiri wake ni Rais, lakini wenyewe ni hao waliotajwa kwenye jina.

Maasi yale yanatukumbusha pia kwa nini cheo hiki kipo. Hofu ya wanaoandika katiba ni jeshi linalojiamuru lenyewe. Wanampa raia nafasi ya juu kabisa ili hata jenerali mwenye nyota nyingi awe na wa kumpigia saluti, na huyo awe mtu ambaye wananchi wanaweza kumwondoa kwa kura. Kwa hiyo cheo ni kizuizi kwa jeshi kabla hakijawa nguvu kwa rais. Nikisikia kinatajwa kama ruhusa ya kufanya lolote, naumia kweli, kwa sababu kinageuzwa kichwa chini miguu juu.

Madaraka ya rais juu ya jeshi hayakai ndani ya cheo, yanakaa kwenye ibara. Ushahidi ni rahisi: cheo ni kilekile Kenya na Tanzania, madaraka ni tofauti. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 148, inamruhusu Amiri Jeshi Mkuu kuyaamuru majeshi yashiriki shughuli za kivita kwa ulinzi wa nchi, au uokoaji wakati wa dharura, ndani au hata nje ya nchi, bila kuathiri masharti ya sheria zilizotungwa na Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 240, inasema majeshi yanapelekwa nje na Baraza la Usalama wa Taifa, ambalo Rais ni mwenyekiti wake, tena kwa idhini ya Bunge.

Kwenye kutangaza vita nako tofauti ipo. Kenya Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge. Tanzania, ibara ya 44, Rais anatangaza, anampelekea Spika nakala ya tangazo, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kufikiria kama lipitishe azimio la kuunga mkono au la. Ujerumani wamefika mbali zaidi: wakati wa amani mwenye amri juu ya jeshi ni waziri wa ulinzi, na nchi ikiingia katika hali ya kujihami amri inahamia kwa Kansela, mkuu wa serikali yao. Rais wao hana sehemu yoyote katika ngazi hiyo ya amri. Marekani rais ni amiri, lakini kutangaza vita ni kazi ya Kongresi, na katiba yao inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kupitishwa kwa muda unaozidi miaka miwili kwa mara moja. (Kwamba walipigana Korea na Vietnam bila tangazo la vita ni habari ya katiba kuzungukwa, na mwaka 1973 Kongresi ilitunga sheria ya kujaribu kuziba njia hiyo.)

Tofauti inayonisumbua kuliko zote ni kati ya kutoa taarifa na kupata idhini. Itazame ibara ya 241 ya Katiba ya Kenya, kijisehemu cha tatu. Herufi (b) inasema jeshi litasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na litaripoti kwa Bunge la Taifa. Herufi (c) inasema jeshi laweza kupelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko kwa idhini tu ya Bunge la Taifa. Ukiripoti, umeshakwenda. Ukiomba idhini, bado uko mlangoni.

Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, tangazo la serikali la kulitoa jeshi liliitaja herufi (b). Bunge la Taifa likaidhinisha kesho yake. Jambo likafika Mahakama Kuu, ambayo iliruhusu jeshi lisaidie polisi lakini ikaitaka serikali, ndani ya siku mbili, itangaze jeshi litakuwa wapi, kwa muda gani na kwa masharti yapi. Wanasheria walibishana kama ile ilikuwa dharura ya (b) au machafuko ya (c), na mimi naona ulikuwa ubishi wa maana sana. Kwenye mabishano yote hayo cheo cha Amiri Jeshi Mkuu hakikutosha kumaliza swali. Ilibidi ifunguliwe ibara.

Basi ndugu yangu uliyekuwa redioni, nusu ya kwanza ya sentensi yako ni sahihi: Rais ni Amiri Jeshi Mkuu. Ulipoteleza ni pale pa "kwa hiyo". Safari nyingine, ukifika hapo, taja ibara inayomruhusu, kisha soma mstari unaofuata uone kama Bunge linaidhinisha au linaarifiwa tu.