Pilau ya Krismasi huharibikia kwenye sufuria

Kila mwaka, asubuhi ya tarehe 26 Desemba, naulizwa swali lile lile: "Dada, pilau ya jana imeanza kuvuta harufu kidogo. Nikiipasha vizuri si inalika?" Jibu langu ni hapana, na huniuma kulitoa. Najua bei ya mchele na nyama, na najua kuna mtu aliyeamka alfajiri kukaanga vile vitunguu.

Nimesomea sayansi ya chakula. Tunapozungumzia chakula kinachomwagwa sikukuu, lawama huenda kwa waliopika kingi mno. Kiasi ni kweli: kilo 1 ya mchele huwatosha watu wazima 8 hadi 10 kukiwa na vitu vingine mezani, na wengi hupika mara mbili ya hapo. Lakini katika nyumba nyingi ninazoingia, kile kinachomwagwa kingeliwa kesho yake kama kisingelazwa ndani ya sufuria.

Tazama siku yenyewe ilivyo. Pilau inaiva saa saba mchana. Wa kwanza wanakula, wengine bado wako njiani, basi sufuria inafunikwa na kuachwa jikoni kwa sababu "kuna watu wanakuja". Inakumbukwa saa tatu usiku. Desemba ya Dar es Salaam joto hupita nyuzi 30, na katikati ya sufuria kubwa pilau inabaki vuguvugu saa nyingi. Bakteria wa chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Mchele una wake, Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani hali yake ya usingizi yenye ganda gumu, hazifi hata maji yakitokota. Pilau ikipoa polepole, spora zinaamka, bakteria wanazaana, na baadhi yao huacha sumu isiyoondolewa na moto. Ndiyo maana nasema hapana: ukipasha, bakteria watakufa, sumu itabaki.

Hotpoti nayo haipiki. Inatunza moto kwa saa chache tu, na chakula kikishafika uvuguvugu, inautunza huo huo.

Kwa hiyo, fungu la kesho litoke wakati wa kupakua, kabla mgeni hajanawa mikono. Litandaze kwenye sinia, kimo kisizidi vidole vitatu, lifunike kwa wavu wa kuzuia nzi na liache lipigwe na feni. Ndani ya saa mbili liwe kwenye friji, katika vyombo vifupi vyenye mifuniko. Najua hili linagusa heshima. Mara ya kwanza nilipolifanya, mama mkwe aliniuliza kama nawaficha wageni chakula. Nikamjibu, "Hapana mama, hiki ndicho tutakachowafungashia." Jioni wageni waliondoka na chakula salama, na tangu hapo yeye ndiye anayeniletea sinia.

Sahani ya jirani nayo ipelekwe mchana, ikiwa moto. Ikienda usiku, huenda tunampelekea jirani tatizo letu.

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Tumezoea kuzinyooshea kidole hoteli, kumbe jalala kubwa zaidi linaanzia jikoni kwetu.

Wali wa nazi na mchuzi wa tui huchacha haraka, hivyo pika wa siku hiyo tu. Kachumbari ikatwe, lakini chumvi na ndimu vitiwe bakuli kwa bakuli watu wanapokaa kula. Ikishatoa maji hakuna anayeigusa. Nyama mbichi igawe mafungu ya mlo mmoja mmoja kabla ya kuigandisha, usije ukayeyusha kilo tano kwa ajili ya nusu kilo. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hustahimili takriban saa 4, friza iliyojaa takriban saa 48, na iliyojaa nusu yake takriban saa 24.

Na kiporo cha asubuhi, kile cha kula na chai ya rangi, toa kwenye friji kiasi kitakachoisha. Nyunyizia maji kidogo, funika, pasha hadi mvuke utoke katikati na si pembeni peke yake. Pasha mara moja tu. Kilichobaki kwenye friji kiache humo humo mpaka mlo wa mchana.