Sukari ikiwa nyingi, chai huwa tamu: tuliyoyaamini kuhusu kubana matumizi na yaliyokuwa daftarini

Nyumba yetu ya Chanika ilikuwa imefika kwenye lenta. Fundi akatupigia hesabu ya kupaua: milioni nne na laki mbili, mbao, bati na ufundi wake humo humo. Tukagawa kwa miezi 14, ikatoka 300,000 kila mwezi. Jioni hiyo hiyo mume wangu akasema neno ambalo sidhani kama kuna nyumba haijalisikia: "Mama, itabidi tupunguze jikoni."

Sikubisha. Nilikwenda dukani nikanunua kaunta buku, tukakubaliana kwamba kwa miezi mitatu kila shilingi inayotoka itaandikwa, hata ya boda, hata ile ya kumtumia shangazi. Dhana nyingi tulizokuwa nazo zilifia kwenye kurasa za daftari hilo. Nyingine zilikuwa za kweli nusu, na hizo ndizo zilizotusumbua zaidi.

"Anzeni na jikoni"

Jikoni hubanwa kwanza kwa sababu ndiko hela inakoonekana ikitoka. Kila asubuhi kuna mtu anasimama mlangoni anaomba ya nyanya na kitunguu. Hela ya bodaboda haiombwi na mtu, inatoka mfukoni kimya kimya.

Mwezi wa kwanza wa daftari, chakula cha nyumbani kwa watu sita kilitugharimu 342,000. Ndicho kilikuwa kiasi kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo kwa macho mume wangu alikuwa na haki. Ila mistari ya chini ilisema mengine. Bodaboda ya kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala na kurudi, 1,500 mara mbili, siku 26: 78,000. Wali maharage wa mchana karibu na kazini kwake, 3,000 kwa siku 26: 78,000 nyingine. Watoto wawili, kila mmoja 1,000 ya kula shuleni, siku 22: 44,000. Hizo ni 200,000 za chakula na mwendo ambazo hakuna aliyewahi kuzitaja tulipokaa kuzungumzia matumizi.

Tena nyingi zilikuwa zimezaliwa na ubanaji wenyewe. Mwaka uliopita tulikuwa tumekata chai nzito ya asubuhi, tukabaki na chai ya rangi na kipande cha mkate. Watoto wakawa wanafika shuleni na njaa, 500 zao zikapanda hadi 1,000. Mimi mwenyewe saa nne nilikuwa namtuma mtu vitumbua. Tulichokitoa kwenye chungu kilirudi kwa mlango wa nyuma, na bei yake ilikuwa ya mama ntilie.

Tukafanya kinyume. Viazi vitamu, mihogo na uji wa maziwa vikarudi asubuhi, hotipoti ikaanza kwenda kazini, watoto wakarudi kwenye 500. Bodaboda ya asubuhi ikafutwa, ile ya usiku ikabaki, kwa sababu njia ya huku kwetu usiku si ya kutembea. Miezi mitatu ilipoisha tuliendelea kuandika, na mwezi wa nne wa daftari chakula cha nyumbani kilipanda hadi 361,000. Yaani jiko liliongezewa 19,000, na mifuko mingine ikapungukiwa na 139,000. Mume wangu alirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye kikokotoo cha simu.

"Kununua kwa jumla ni nafuu siku zote"

Bei kwa kilo, ndiyo, mara nyingi ni nafuu. Kupimiwa ni ghali: mafuta ya kipimo, sukari ya robo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Ukijumlisha vipimo vya mwezi mzima, unakuta umelipa bei ya dumu na ya juu yake. Asiye na hela nyingi kwa mara moja ndiye anayelipa zaidi, na hilo hawezi kulaumiwa.

Lakini bei kwa kilo si matumizi kwa mwezi. Tulikuwa tunatumia lita tatu za mafuta kwa mwezi tukiwa wa kupimiwa. Tuliponunua dumu la lita tano, liliisha siku ya 33. Hakuna aliyeiba. Mkono tu ulikuwa mwepesi: maandazi siku za wiki, samaki wakaanza kuelea badala ya kukaangwa. Sukari ndiyo usiseme, ikiwa nyingi kabatini chai huwa tamu kwa kila mtu, hata kwa mgeni aliyesema hatumii sukari.

Sasa tunanunua kwa jumla vitu ambavyo wingi wake haumshawishi mtu: sabuni ya mche, chumvi, maharage, dawa ya meno. Mafuta yananunuliwa dumu, ila nachota lita tatu kwenye chupa siku ya kwanza ya mwezi, na dumu linakwenda chumbani. Mchele tunachangia gunia na jirani, kwa sababu tulipojaribu gunia zima peke yetu tulilimaliza tukigombana na fukusi.

"Ukinunua LUKU kidogo kidogo unapata uniti nyingi"

LUKU ni umeme wa kulipia kabla, na dhana hii nimeisikia kwa watu wazima wenye vyeti vyao. Kinachowachanganya ni manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa mita ya matumizi ya kawaida, ile ya kundi la T1, uniti moja ni shilingi 292 kabla ya makato. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inafika 356 na senti. Elfu kumi inakupa uniti 28. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ikikatwa 1,500 ya nyumba ya kawaida, elfu kumi ile ile inakupa uniti 23.8, na kama mwezi uliopita hukununua, deni lake linakuja pamoja. Ukinunua tena wiki ijayo uniti zinarudi 28, nawe unadhani umegundua siri. (Kodi hiyo kwa asili yake ni ya mwenye jengo. Mpangaji unaweza kumkumbusha baba mwenye nyumba kwa upole, ukiwa na risiti mkononi.)

Penye tofauti ya kweli ni kundi la D1, la nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi. Humo uniti ni kama 122 ukijumlisha makato, ila ukivuka 75 zinazofuata zinapanda hadi kama 427. Aliye kwenye D1 ana sababu nzuri ya kuhesabu uniti zake kufikia tarehe 20. Aliye T1 anunue anavyotaka.

Na zile kelele za "nani ameacha chaja ukutani"? Chaja ya simu isiyochaji kitu hula chini ya nusu wati. Mwezi mzima ni shilingi mia na kitu. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja nzima. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku ni uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 ni uniti 1.35. Kinacholea bili ni vitu vinavyopasha na vinavyopoza: hita, pasi, friji ambalo mpira wa mlango umelegea. Weka noti kwenye mlango wa friji, funga, vuta noti. Ikitoka bila kubisha, hapo ndipo pa kupigia kelele.

"Mkaa ndio nafuu, gesi ya wenye hela"

Mkaa unaonekana nafuu kwa sababu unakuja vipande vipande, kama mafuta ya kupimiwa. Kisado kimoja 2,500, nani atashtuka? Daftari lilihesabu visado 20 kwa mwezi: 50,000. Mtungi wa kilo 15 tulioujaza kwa 56,000 ulikwenda siku 41, ambayo ni kama 41,000 kwa siku 30. Ni nyumba moja na mitaa ina bei zake, kwa hiyo pimeni wenyewe: andikeni tarehe kwa kalamu nzito kwenye mtungi siku unapofungwa.

Ugumu wa gesi ni kwamba inaisha yote kwa siku moja, na siku hiyo 56,000 haipo. Ndiyo maana tunaitengea 10,000 kila wiki kabla haijaisha.

Maharage tumeyahamishia kwenye jiko la presha la umeme. Nilisoma mita kabla na baada ya nusu kilo: uniti 0.4, chini ya shilingi 150. Mama mkwe alisema maharage ya umeme hayana ladha. Akala, akaongeza.

"Mchango haukwepeki"

Hapa ndipo nilipoogopa kujumlisha. Mwezi wa kwanza: sendoff ya mtoto wa jirani, harusi ya mfanyakazi mwenza wa mume wangu, rambirambi mbili, kipaimara, na "nitumie kidogo dada" nne. Jumla 187,000. Ni zaidi ya nusu ya lengo letu la mwezi, na haikuwahi kuitwa matumizi. Iliitwa utu.

Na ni utu kweli. Anayekwambia ukate michango yote hajawahi kufiwa hapa mjini, akaona nani anabeba maturubai na nani anaosha sufuria. Siku yako ikifika unahesabiwa kwa ulivyowahesabu wenzako. Potofu ni kuamini kwamba kila kadi lazima ijibiwe kwa kiwango kilichoandikwa, single 50,000, double 100,000, na kwamba ukitoa pungufu umemtukana mtu.

Tulichofanya ni kuweka kikomo cha 80,000 kwa mwezi na kupanga foleni. Msiba na ugonjwa ndivyo vya kwanza, kisha ndugu wa damu, kisha majirani wa ukuta kwa ukuta, halafu wengine. Foleni ikiisha hela, mume wangu anapiga simu mwenyewe, hajifichi kwenye kundi la WhatsApp: "Kaka, mwezi huu mfuko umefunga. Jumamosi nitakuja asubuhi kupanga viti, na mama atakuja kumenya vitunguu." Mara ya kwanza sauti ilimtetemeka. Mwenye harusi akamwambia watu wa kupanga viti ndio hasa waliokuwa wamekosekana.

Kuna na makato. Tulikuwa tunamtumia bibi kijijini mara nne kwa mwezi, kidogo kidogo, naye anatoa kila mara. Kutuma na kutoa kunakatwa kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo vipande vinne vinakula kuliko kimoja. Tukaongea naye, sasa anapata mara moja, pamoja na ya kutolea.

"Kinachobaki ndiyo akiba"

Hakibaki. Hii sihitaji kuieleza sana, kila mtu ameshaijaribu. Mshahara ukiingia, ya kupaua inatoka kabla ya kodi ya pango.

"Kibubu kinaliwa na mfumuko wa bei"

Wasomi wanapenda kulisema hili. Mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, yaani milioni moja iliyolala chini ya godoro ilipoteza nguvu ya kama 30,000. Si kitu cha kudharau, ila kibubu chetu hakikuuawa na hilo. Kiliuawa na kisu cha mezani, usiku wa mgeni wa ghafla.

Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kina ulinzi mzuri zaidi, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, lakini nacho kina ugonjwa wake. Kikundi changu cha zamani mwaka mmoja kiligawana pungufu kwa sababu watatu walikopa wakahama mtaa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Ulizeni cheti kabla ya kutoa hisa ya kwanza, na ulizeni mgao ni mwezi gani. Mgao wa Desemba huishia kwenye pilau. Fedha ya lengo la mbali tuliipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Faida yake haijaahidiwa, inapanda na kushuka, na ukitaka kutoa unasubiri siku kadhaa. Huko kusubiri ndiko nilikokuwa nakutafuta.

"Nunua vifaa mapema, hela haitakaa"

Nusu kweli. Saruji ikikaa miezi mitatu stoo yenye unyevu inaanza kushikana na nguvu yake inapungua, kwa hiyo msiirundike. Bati haliozi likikaa pakavu. Ila muuzaji akikwambia bei yake ni ndogo, muulize geji: namba ikipanda bati linapungua unene, 30 ni jembamba kuliko 28, na wengi "walionunua mapema kwa bei nzuri" walinunua wembamba.

Baada ya yote hayo hatukufika 300,000. Tunaweka kama 250,000, kwa hiyo miezi 14 imekuwa 17, na fundi tumemwambia. Bati 22 za geji 28 zimesimama nyuma ya kabati la vyombo, zimefunikwa shuka la zamani. Paa linataka 64. Mbao na misumari bado.