Kiharusi cha usingizini: MRI inavyosaidia kujua saa kilipoanza

Mtu amelala mzima, anaamka alfajiri mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Daktari atauliza: ilianza saa ngapi? Hakuna ajuaye. Basi semeni mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kama saa 9 usiku alikwenda msalani na kurudi akitembea vizuri, hesabu itaanzia hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Kama hilo nalo halijulikani, MRI, yaani kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku kubwa, inaweza kusaidia. Mshipa ukiziba, seli za ubongo hukosa oksijeni, na maji huziingia yakanaswa humo. Kuna picha za MRI zinazopima mwendo wa maji. Palipoathirika huonekana doa jeupe ndani ya dakika chache, hata kama CT (picha za ubongo zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta) ya mgonjwa huyohuyo bado inaonekana safi. Picha za MRI za aina nyingine huchukua saa kadhaa kuonyesha doa hilo. Likionekana kwenye za kwanza tu, kiharusi ni kichanga. Utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa 2018 uliwachagua wagonjwa kwa njia hii: waliopata nafuu nzuri walikuwa takriban 53 kati ya 100 kwa waliopewa dawa, na 42 kwa wasiopewa. Kuvuja damu ubongoni, hata hivyo, kulitokea zaidi kwa waliopewa.

CT isidharauliwe. Ipo katika hospitali nyingi zaidi, huisha haraka, na hujibu swali la dharura: mshipa umeziba au umepasuka? Kabla ya jibu hilo, tafadhali, hata aspirini ya nyumbani msimpe.

Mlangoni pa chumba cha MRI mtahojiwa sana, na kwa kuwa mgonjwa mara nyingi hawezi kusema, ndugu ndiye anayejibu. Ana betri ya moyo? Amewahi kufungwa klipu kwenye mshipa wa ubongo? Ni fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni? Pini za hijabu, bangili, hirizi yenye kifuko cha bati, vyote vibaki nje, kwani sumaku ile haizimwi usiku wala mchana. Mionzi ya eksirei haimo. Kelele zimo, tena kubwa, ndiyo maana mgonjwa huzibwa masikio.